Chokaa, saruji na jino la Kimuli

Wadau, leo tuache siasa kidogo, tuongee meno.

Mkulima wa Kimuli, kule Kyerwa (Karagwe ya zamani, kabla haijamegwa mwaka 2012), jino likimwanza usiku dawa anayoijua ni koleo. Si yeye peke yake. Vijijini Tanzania nzima kung'oa ndiyo tiba iliyozoeleka, na ndiyo maana wengi tumekua tukiamini kuwa jino likishatoboka limekufa. Historia inasema vingine.

Ndani ya jino kuna kiini, nyama laini yenye damu na neva. Mwaka 1756 Philip Pfaff, daktari wa meno wa mfalme wa Prussia, aliandika jinsi ya kufunika kiini kilichofichuka kwa kipande cha dhahabu. Dhahabu! Wazo zuri, ila enzi hizo hakuna aliyejua kuwa bakteria ndio adui.

Mwaka 1920 Mjerumani aitwaye Hermann akaleta kalsiamu haidroksaidi. Jina linatisha, lakini ni chokaa iliyozimwa, ndugu wa ile tunayopaka ukutani. Chokaa huunguza uso wa kiini, na chini ya kidonda hicho, baada ya wiki kadhaa, hujengeka ukuta mpya mgumu. Nani anaujenga, wakati seli zinazotengeneza dentini mahali hapo zimeshakufa? Mwaka 2000, Stan Gronthos, Songtao Shi na wenzao kwenye taasisi za taifa za afya za Marekani walitoa seli shina ndani ya magego ya mwisho ya watu wazima. Fundi akajulikana.

Kumbe ukali wa chokaa hufungulia protini zilizofungiwa kwenye dentini. Protini hizo huziita seli shina, nazo husogea hadi kwenye jeraha, huongezeka, kisha hugeuka kuwa wajenzi. Tatizo ni kwamba ukuta wa chokaa mara nyingi huwa na vitundu, na chokaa yenyewe huyeyuka taratibu, bakteria wakapata njia. Mwaka 1993 timu ya Mahmoud Torabinejad, Loma Linda, California, ikaeleza dawa iitwayo MTA. Asili yake ni saruji ya Portland, hii hii ya kujengea, iliyosafishwa na kuongezwa bismuthi ili ionekane kwenye eksirei. (Tafadhali mtu asichote kwenye mfuko wa nyumbani!) Huganda hata penye unyevu, hutoa kalsiamu kidogo kidogo, na ukuta unaojengeka chini yake huwa imara kuliko wa chokaa.

Lakini sura ninayoipenda iliandikwa kwetu, na sijui kwa nini hatujisifii. Katikati ya miaka ya 1980, kwenye shule ya meno ya Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kutibu meno bila mashine wala umeme: unakwangua uozo kwa vijiko vidogo vya chuma, unaziba tundu kwa saruji ya meno inayogandia jinoni. Tarehe 7 Aprili 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza njia hiyo kwa dunia nzima, kwa jina la ART.

Ujanja wake ni kutokigusa kiini. Linabaki tabaka jembamba la dentini, wajenzi wa awali bado wako hai, wanaongeza ukuta kwa ndani. Seli shina hata hazijaitwa kazini. Kiini kikishafichuka, saruji hiyo ya ART ukiiweka juu yake moja kwa moja hukichokoza kivimbe; hapo ndipo inahitajika MTA, na bei ya MTA si ya mkulima.

Na jino linalomwamsha mtu usiku mara nyingi limeshavuka hatua zote hizo. Anayetakiwa kuonwa Kimuli ni yule ambaye jino linashtuka tu akinywa maji baridi. Huyo haendi kituoni, kwa sababu anajua kule kuna koleo.