Kanisa la matofali ya wakimbizi

Najua nimeadimika. Kazi zetu huku mnazijua: ukitoka kubeba boksi unachokitaka ni kitanda tu. Leo nimepata nafasi, na nina jambo la kuwasimulia.

Mwezi uliopita mwanangu, aliye darasa la tano, aliniuliza, "Baba, watu weusi wamejenga nini hapa Kanada?" Nikaanza kueleza, nikakwama. Hapa Kingsview Village tunakoishi ni mtaa wa juzi tu. Maghorofa ya Dixon Road yamejaa Wasomali, na sisi wengine tumejichomeka humo humo. Sote ni wageni. Nikaona nisimjibu kwa maneno. Jumamosi nikampakia kwenye gari, tukashika barabara ya 401 inayopita jirani yetu, na baada ya saa nne hivi tukawa Windsor, mpakani na Marekani.

Huko kuna mtaa unaitwa Sandwich. Msicheke, si mkate! Zamani ulikuwa mji mdogo unaojitegemea, hadi ulipounganishwa na Windsor mwaka 1935. Hapo ndipo lilipo kanisa dogo la Kibaptisti, Sandwich First Baptist. Kwa nje unaweza kulipita bila kugeuza shingo. Mto Detroit uko karibu, na ng'ambo yake ni Marekani.

Huo mto ndio kisa chenyewe. Katika makoloni mengi ya Mwingereza, Kanada ikiwemo, utumwa ulikomeshwa tarehe 1 Agosti 1834. Marekani uliendelea hadi 1865. Kwa hiyo watu walitoroka, wakitembea usiku na kufichwa nyumba hadi nyumba. Mjini Detroit kanisa la weusi wenzao, Second Baptist, lililoanzishwa mwaka 1836, liliwaficha kabla ya kuvushwa.

Waliofika Sandwich walianza kusali kwenye kibanda cha magogo. Mwaka 1847 wakapewa kiwanja na serikali ya Malkia Victoria, lakini fedha za kujengea hawakuwa nazo. Basi wakachimba udongo wa mtoni, wakafyatua matofali kwa mikono na kuyachoma kwenye tanuri lao wenyewe. Kila muumini alitakiwa kutoa muda wake. Nyie mliowahi kufyatua tofali baada ya kazi za kutwa mnaelewa nasema nini. Kanisa likafunguliwa 1 Agosti 1851, siku ile ile ya kukumbuka ukombozi.

Mwaka mmoja kabla, 1850, Marekani ilipitisha sheria ya kuwakamata watoro hata katika majimbo yasiyo na utumwa. Wakimbizi wakaongezeka. Wawindaji wa watu nao walithubutu kuvuka mto, na inasimuliwa kuwa kanisani kulikuwa na mlango wa sakafuni wa kuwafichia watu chini.

Lakini nisiwadanganye, Kanada haikuwa peponi. Kabla ya 1834 watu weusi walimilikiwa hapa hapa. Hata baada ya hapo watoto wao walitengewa shule, na shule ya mwisho ya namna hiyo Ontario ilifungwa mwaka 1965. Waliojenga kanisa lile walijenga huku wakijua hawatakiwi na kila mtu.

Nilipoweka kiganja kwenye tofali nikaikumbuka Masasi. Nasi kwetu tunajua habari hizi: mwaka 1876 Askofu Steere aliwaleta watu waliokombolewa kutoka Unguja, wakaanzisha makazi. Kwetu alitangulia askofu. Hawa wa Sandwich walijikomboa kwa miguu yao, kisha wakajijengea.

Mtoto alihesabu matofali ya ukutani mpaka akachoka. Njiani kurudi akasema, "Baba, kwa hiyo sisi si wa kwanza." Nikamwambia ndiyo. Miaka yote hii nimeishi hapa kama mtu aliyekaa ukingoni mwa kiti, tayari kuinuka akiambiwa. Siku ile nilikaa vizuri kidogo.

Mama, swali lako la lini narudi sijalisahau. Bado nalitafakari. Picha nitazituma.

Wasalaam.