Nasaba ya Wenye Uti wa Mgongo
Mwaka 1774 Pallas, mwanachuoni wa Kijerumani, alipokieleza kijinyama chembamba cha baharini, alikihesabu katika jamii ya koa, wala simlaumu, maana hakina kichwa cha kutambulika. Na hata tunikata, wanyama mfano wa vifuko wanaong'ang'ania miamba na kuchuja maji, kwa miaka mingi walitiwa katika jamii ya chaza. Ghalati hiyo ilidumu hata mwaka 1866, Kowalevsky, Mrusi, alipochungua viluwiluwi vya tunikata, akaona mkiani ufito laini, ule ule unaoutangulia uti wa mgongo katika mimba ya samaki na ya binadamu, ambao tunikata akishakua humtoweka. Mwaka 2006 uchunguzi wa jeni ulihukumu kwamba jamaa wa karibu zaidi wa sisi wenye uti wa mgongo, miongoni mwa wanyama wasio nao, ni tunikata, wala si, kama ilivyodhaniwa, kile kijinyama ambacho Pallas alikiita koa.