Sambaza, mwana wa bahari aliyehamia Kivu

Sambaza akitolewa wavuni alfajiri pale Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu nchini Rwanda, ukimshika kidogo tu vidole vyako vinajaa magamba. Samaki wa ngozi laini kiasi hicho kusafirishwa akiwa hai kutoka ziwa moja hadi jingine, si jambo dogo.

Zamani Kivu halikuwa naye. Kati ya 1958 na 1960, wakati wa utawala wa Ubelgiji, vifaranga vilichukuliwa Ziwa Tanganyika vikamwagwa humu. Aliyetakiwa hasa ni ndagala, lakini aliyedumu ni mwenzake, lumbu wa Kigoma, ndiye huyu sambaza. Tangu 1979 mradi wa FAO uliokuwa na makao Gisenyi ukaendeleza uvuvi wa usiku kwa taa. Leo mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu ndiyo sura ya ziwa letu jioni.

Ukoo wa sambaza ni wa baharini. Wahenga wake waliingia mito ya Afrika mamilioni ya miaka iliyopita, wakaja na kinga yao ya kuzaliwa nayo dhidi ya maradhi. Ngome ya kwanza ni magamba na ute. Ute huwanasa bakteria na kuwasomba, tena una vimeng'enya vinavyopasua kuta zao. Kimojawapo, lisozaimu, Alexander Fleming alikitangaza mwaka 1922 baada ya kukikuta katika kamasi za binadamu. Magamba yakibanduka, maradhi yamefunguliwa mlango. Huko ndani zinasubiri seli zinazommeza adui yeyote bila kungoja kumfahamu.

Kingamwili, silaha za kinga ya kujifunza, huchukua wiki kadhaa kujengeka, na kifaranga huanguliwa kabla mwili wake haujaweza kuzitengeneza. Siku hizo za mwanzo hutegemea zaidi kinga ya kuzaliwa nayo.

Baharini yuko aliyekwenda mbali zaidi. Kodi wa Atlantiki, ambaye ini lake hutoa mafuta wanayonyweshwa watoto, alipochunguzwa vinasaba mwaka 2011 alikutwa hana kabisa sehemu muhimu ya kinga ile ya kujifunza. Badala yake amezidisha vipokezi vya kinga ya kuzaliwa nayo, na kwa karne nyingi akaijaza bahari. Kanada ilipofunga uvuvi wake Newfoundland mwaka 1992, kilichokuwa kimemmaliza ni nyavu, si maradhi. Rwanda nayo husitisha uvuvi wa Kivu takriban miezi miwili kila mwaka, vifaranga vya sambaza vipate kukua.