PlayStation 2 katika Kasese na Bwera

PlayStation 2, ambayo wachezaji wengi wa Afrika Mashariki huiita PS2 tu, ni mashine ya gemu iliyotengenezwa na kampuni ya Sony Computer Entertainment ya Japani, ikaanza kuuzwa nchini humo tarehe 4 Machi 2000 na barani Ulaya tarehe 24 Novemba mwaka huohuo. Ilibuniwa iwe chombo cha sebuleni, cha familia moja yenye televisheni yake, lakini katika miji ya Uganda magharibi, Kasese na Bwera ikiwemo, imejulikana zaidi kama mashine ya biashara inayochezwa kwa malipo katika kibanda. Kwa sababu hiyo hukumu juu ya ubora wake katika sehemu hizo hutolewa na mtu anayeiwasha asubuhi na kuizima usiku, akiitegemea kwa riziki, na mambo ambayo mtengenezaji aliyahesabu kuwa madogo, kama vile tundu la pili la padi au ugumu wa kifuniko, ndiyo yaliyoamua nafasi yake.

Asili na kuenea

Mashine ya kwanza ya jina hilo ilitoka Japani tarehe 3 Desemba 1994 chini ya mhandisi Ken Kutaragi, ambaye ndiye aliyeongoza pia kazi ya PS2, huku umbo la nje likichorwa na Teiyu Goto. Mashine za PS2 zaidi ya milioni 155 zimeuzwa duniani kote, na hakuna mashine ya gemu ya nyumbani iliyowahi kuuzwa zaidi ya hiyo. PlayStation 3 ilipotoka Novemba 2006, mtangulizi wake hakuondolewa sokoni, bali aliendelea kutengenezwa mpaka Sony ilipotangaza mwisho wake mwanzoni mwa Januari 2013. Miaka hiyo ya ziada ilikuwa na faida kubwa kwa nchi kama Uganda, kwa kuwa bei ilishuka, mitumba ikaongezeka, na mafundi wakapata muda wa kuifahamu mashine moja kwa undani.

Kasese, mji ulio kwenye tambarare yenye joto chini ya milima ya Rwenzori, ulikua kutokana na shaba ya Kilembe na reli iliyofika hapo mwaka 1956, na ulipewa hadhi ya manispaa mwaka 2010. Bwera iko umbali wa kilomita 50 hivi kusini-magharibi, karibu na kituo cha mpaka cha Mpondwe, ambacho kinatazamana na Kasindi ya Kongo ng'ambo ya mto Lhubiriha. Katika miji yote miwili gemu zilikuta mazingira yaliyokwisha kuandaliwa na kibanda cha video, yaani chumba cha mabenchi na televisheni ambamo watu hulipa kiingilio kutazama filamu, mara nyingi zikiwa zimetafsiriwa na msimulizi, au mechi za ligi ya Uingereza. Mwenye kibanda alikuwa tayari na umeme, televisheni, viti na wateja, kwa hiyo alichohitaji kuongeza kilikuwa mashine yenyewe na padi zake.

Muundo na sifa

PS2 ilitolewa katika maumbo mawili makuu. La kwanza ni lile nene, lenye uzito wa zaidi ya kilo 2, ambalo lina kipaumeme, yaani kifaa cha kuipatia mashine umeme unaoifaa, ndani yake, feni upande wa nyuma, trei ya diski inayotoka na kuingia, na nafasi ya kuwekea diski kuu. La pili ni jembamba, lililotoka mwaka 2004, lenye unene wa milimita 28 tu na uzito wa gramu 900 hivi, ambalo hufunguliwa kifuniko kwa juu ili diski iwekwe kwa mkono, na ambalo kipaumeme chake kilikuwa nje mpaka matoleo ya mwisho yalipokirudisha ndani. Ubongo wa mashine ni prosesa iliyopewa jina la Emotion Engine, yenye kasi ya karibu megahezi 295, ikisaidiwa na kumbukumbu ya megabaiti 32. Viwango hivyo vinaonekana vidogo mno mbele ya simu ya leo, lakini gemu za wakati wake ziliandikwa kwa ustadi kiasi kwamba mchezo wa mpira wa watu 22 huenda bila kukwama.

Padi, yaani kishikio chenye vitufe na vijiti viwili vya kuelekeza, huitwa DualShock 2 na hutetema mkononi mchezaji anapogongwa au kupiga shuti. Mashine ina matundu mawili ya padi, na juu yake matundu mawili ya kadi ya kumbukumbu, ambayo ni kibamba kidogo cha megabaiti 8 kinachohifadhi hatua aliyofikia mchezaji hata umeme ukikatika. Kwa kibanda, kadi hiyo ina umuhimu wa pekee, kwa sababu ndiyo inayobeba majina ya timu yaliyorekebishwa, mpangilio wa wachezaji na safari ndefu za wateja wa kila siku.

Mashine husoma diski za DVD na CD, hucheza gemu nyingi za PlayStation ya kwanza, na huonyesha filamu za DVD bila kifaa kingine, jambo ambalo kibandani lilimaanisha kwamba mashine moja ingeweza kuonyesha filamu mchana na mpira wa gemu jioni. Huunganishwa na televisheni kwa waya wa vichwa vitatu, cha njano kwa picha na cheupe na chekundu kwa sauti, na kwa hiyo televisheni ya zamani ya kioo kinene, ambayo bila king'amuzi haikuweza tena kupokea matangazo baada ya Uganda kuanza kuzima mitambo ya analojia mwaka 2015, iliendelea kufaa kabisa kwa gemu.

Diski za asili zimefungwa kwa kanda, maana yake mashine ya Ulaya hukataa diski ya Japani au ya Marekani, na kila mashine hukataa diski iliyonakiliwa. Kizuizi hicho kimevunjwa kwa njia mbili. Ya zamani ni chipu, kipande kidogo cha elektroniki kinachochomelewa ndani ya mashine kwa nyaya nyembamba, kazi inayotaka mkono mtulivu na ambayo ikifanywa vibaya huua mashine. Ya baadaye ni programu ya Free McBoot, ambayo hukaa ndani ya kadi ya kumbukumbu na kuamka mashine inapowashwa, ikimruhusu mwenye mashine kuendesha Open PS2 Loader na kucheza gemu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Tundu la USB la PS2 ni la kizazi cha kwanza na ni la polepole, kwa hiyo baadhi ya gemu, hasa sehemu zake za filamu, hukwama zikisomwa kwa njia hiyo. Matoleo ya mwisho ya umbo jembamba hayaikubali Free McBoot, na ni kwa sababu hiyo mnunuzi mjuzi huigeuza mashine kwanza na kusoma namba iliyo chini yake kabla ya kutaja bei.

Umeme

Umeme wa Uganda ni wa volti 240. Mashine nene iliyotengenezwa kwa soko la Japani inahitaji volti 100, na ikichomekwa ukutani bila transfoma huungua mara moja, ajali ambayo huwakuta wanunuzi wa mitumba wasiosoma kibandiko cha nyuma. Mashine nyembamba yenye kipaumeme cha nje hupokea volti 8.5, hivyo kipaumeme kikiungua hubadilishwa na mashine hupona, na fadhila hiyo ni kubwa mahali ambapo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo. Wilaya ya Kasese ina mitambo ya umeme wa maji kwenye mto Mubuku, ukiwemo wa Bugoye wa megawati 13 uliozinduliwa mwaka 2009, lakini kuwa karibu na chanzo hakumhakikishii mwenye kibanda umeme usiokatika. Wenye uwezo hutumia stabilaiza, kifaa kinachosawazisha volti, na wengine hukimbilia jenereta au betri ya sola yenye inveta.

Maoni ya wamiliki

Sifa ambayo wamiliki huitaja kwanza ni uimara, na katika hilo wana haki, kwani ni vigumu kutaja kifaa kingine cha elektroniki cha burudani kilichobuniwa kwa saa chache za jioni kikastahimili kazi ya kutwa, mwaka baada ya mwaka, kwenye joto na vumbi. Umbo nene husifiwa kwa feni yake yenye nguvu na ubavu wake mgumu, wakati umbo jembamba husifiwa kwa wepisi wa kubebwa, kwa kuwa mwenye kibanda mwangalifu haiachi mashine dukani usiku bali huondoka nayo mkobani.

Lawama kubwa ni ya lenzi, jicho la leza linalosoma diski, ambalo huchoka kwa vumbi na kwa diski zenye mikwaruzo mpaka mashine inaanza kutangaza kwamba haioni diski. Kasoro hiyo haikuwa ya Afrika peke yake, kwani hata Marekani wamiliki wa mashine za mwanzo waliishtaki Sony kwa ajili yake. Fundi huifuta lenzi kwa pamba yenye spiriti, na isipopona hukaza skrubu ndogo inayoongeza nguvu ya leza, tiba ya muda inayofupisha maisha ya lenzi yenyewe. Ujio wa flashi ulipokewa kama ukombozi, maana mashine yenye lenzi iliyokufa ilifufuka.

Padi nazo hulalamikiwa sana, ingawa lawama hapa ni ya watengenezaji wa bandia kuliko ya Sony. Padi ya asili hudumu, ila ni adimu na ghali. Ya bandia ni rahisi, lakini kijiti chake hulegea mapema na mchezaji wa uwanjani huanza kukimbia bila kuelekezwa, hali inayozusha ugomvi wa kweli kati ya wateja, kila aliyefungwa akidai padi ndiyo iliyomwangusha. Wamiliki hulalamika pia juu ya waya wa padi unaokatika shingoni kwa kuvutwa.

Gemu zinazochezwa

Mpira wa miguu ndio unaotawala, na kati ya gemu zote Pro Evolution Soccer ya kampuni ya Konami imependwa kuliko FIFA, kwa wepisi wa mwendo wake na kwa diski zake kupatikana kila mahali. Kwa kukosa leseni, Konami ililazimika kuzipa baadhi ya klabu majina ya kubuni, Liverpool ikawa Merseyside Red na Chelsea ikawa London FC katika matoleo kadhaa, kasoro ambayo mashabiki wa ligi ya Uingereza hawakuivumilia, hivyo diski zilizorekebishwa na wapenzi wa gemu zikapata soko kubwa. Toleo rasmi la mwisho kwa PS2 lilikuwa la 2014. Diski zenye miaka ya baadaye juu ya jalada ni kazi ya wapenzi hao, waliobadilisha jezi na vikosi huku injini ya ndani ikibaki ileile. Gemu nyingine zinazojulikana ni Grand Theft Auto: San Andreas ya 2004, God of War na za mieleka.

Malipo kwa kawaida ni kwa mechi, anayeshinda akibaki na padi na anayeshindwa akimpisha mwingine, na tundu la pili la padi ndilo linalowezesha mpango huo, kwani wateja wawili hulipa kwa umeme wa mashine moja.

Bwera na mpaka

Soko la Mpondwe hukusanya wafanyabiashara kutoka Kasindi, Beni na Butembo siku za Jumanne na Ijumaa, na Wakonzo wa Uganda husikilizana bila shida na Wanande wa Kongo, huku Kiswahili kikiwaunganisha na wengine, kwa hiyo kibanda cha Bwera kinaweza kupata wateja wa pande zote mbili za mpaka.

Sheria na kufungwa kwa vibanda

Sheria ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda ya 2013 inawataka wenye kumbi za video kuwa na leseni, na Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya 2016 inakataza kamari kwa walio chini ya miaka 25. Kucheza gemu kwa malipo ya mechi si kamari, lakini wachezaji wanapowekeana dau mpaka huo huvukwa, na wazazi wana sababu ya kweli ya kuhangaika wanapomkuta mwanafunzi kibandani saa za masomo.

Juni 2019, baada ya Ebola kuthibitishwa kwa mtoto aliyepokelewa katika hospitali ya Bwera, siku za soko na mikusanyiko mikubwa wilayani Kasese ilisimamishwa kwa muda. Machi 2020 serikali ilifunga shule na sehemu za mikusanyiko, vibanda vikiwemo, nchini kote kwa sababu ya korona, na shule hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022.

Hali ya sasa

PlayStation 3 na 4 zimeingia katika vibanda vyenye mtaji, na simu zimewapa vijana gemu ya eFootball bila kiingilio. PS2 bado hununuliwa na mwenye kuanza na mtaji mdogo, na mashine zilizokufa huuzwa kwa mafundi, ambao huchomoa lenzi, feni na vipaumeme vyake kama vipuri.