Mchanga Uliokula Chuma

Katika ukanda wa Maziwa Makuu chuma kiliyeyushwa zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Mabaki ya tanuru yaliyofukuliwa Buhaya yanashuhudia hilo. Baadaye Warongo wa Uzinza, Wafipa na wahunzi wa Buha, jirani na mpaka wa Burundi, walifua majembe, na jembe likawa mali ya kuuzia na kuolea.

Tanuru ililishwa mawe ya chuma na mkaa, kisha ikapulizwa kwa mivukuto. Mkaa unaoungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, na gesi hiyo huliondolea jiwe oksijeni yake. Huo ndio mmenyuko: Fe2O3 + 3CO → 2Fe + 3CO2. Vitendanishi upande mmoja, mazao upande wa pili, na uzito lazima ulingane. Kilo 160 za oksidi ya chuma na 84 za gesi huzaa kilo 112 za chuma na 132 za kaboni dioksaidi. Zimeingia 244, zimetoka 244. Kanuni hiyo Antoine Lavoisier aliieleza kitabuni mwaka 1789, na kuanzia 1792 Mjerumani Jeremias Richter akaipa elimu ya uwiano wa namna hii jina la stoikiometria.

Kwa hesabu hiyo, kaboni inayotakiwa ni kilo 36 tu. Tanuru ilikula mkaa mara kadhaa ya hapo, kwa kuwa sehemu kubwa iliungua kuleta joto. Miti ndiyo iliyolipa.

Kuhusu kilo zile 112, hakuna mhunzi aliyezipata. Mawe huja na mchanga ndani yake, na mchanga ni silika. Ndani ya moto silika hujifunga na chuma ambacho bado kina oksijeni: 2FeO + SiO2 → Fe2SiO4. Hapo kilo 60 za mchanga huondoka na kilo 112 za chuma! Zao lake ni yale madonge meusi, mazito, yenye vitundu, ambayo Waswahili huyaita mavi ya chuma. Lakini tusiwacheke wazee: bila donge hilo kuyeyuka na kutiririka, uchafu usingetengana na chuma, na fundi angebaki na jiwe lililoungua. Sehemu ya chuma ilikuwa ndiyo ada ya kusafishia kilichobaki.

Tanuru kubwa za Ulaya ziliikwepa ada hiyo kwa chokaa. CaO + SiO2 → CaSiO3: kilo 56 za chokaa hukamata kilo 60 za mchanga, chuma kikasalimika. Majembe ya viwandani yalipoletwa enzi za ukoloni, bei yake haikushindika. Tanuru za Maziwa Makuu zikazima moja baada ya nyingine, ingawa wahunzi wenyewe hawakuacha nyundo. Waliendelea kufua kwa vyuma chakavu.