Anoreksia: Madhara ya muda mrefu ya kujinyima chakula

Anoreksia ni ugonjwa wa akili. Mgonjwa hujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, hata akiwa amekonda sana. Mara nyingi huanza katika ujana, na wengi huwa nao wakiwa chuoni.

Shinyanga na Geita, msichana akikonda watu hufikiria kwanza kifua kikuu, VVU au kurogwa. Ni vizuri upime kifua kikuu na VVU. Majibu yakiwa salama, mweleze daktari pia unavyokula.

Madhara yake

- Mifupa: Hedhi ikikoma, homoni inayolinda mifupa hushuka. Mifupa hujengeka hadi miaka ya ishirini na kitu; ukiipoteza sasa, huenda isirudi yote hata uzito ukirudi.
- Moyo: Mapigo hupungua kasi. Ukijitapisha, potasiamu hushuka na moyo unaweza kusimama ghafla.
- Uzazi: Kushika mimba huwa kugumu. Hata hivyo, kukosa hedhi si kinga ya mimba.

Ufanye nini

Ukikosa hedhi miezi mitatu na huna mimba, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukizimia au moyo ukienda ovyo, nenda leo. Bugando, Mwanza, ina kitengo cha afya ya akili.

Usianze kula kingi ghafla baada ya njaa ndefu, ni hatari. Ongeza chakula taratibu chini ya uangalizi.

Kama ni mwenzako wa bweni, usimtanie wala kumlazimisha kula. Msindikize hospitali. Akitibiwa mapema, ana nafasi nzuri ya kupona.