Kichuguu na Jengo la Eastgate: Safari ya Wazo la Kuiga Maumbile katika Usanifu Majengo, 1955–2015

Katika maandishi yahusuyo usanifu majengo unaoiga maumbile, jengo la Eastgate lililoko Harare, Zimbabwe, hutajwa mara kwa mara kuwa mfano bora kutoka barani Afrika. Jengo hilo lilibuniwa na msanifu Mick Pearce kwa ushirikiano na wahandisi wa kampuni ya Arup, likafunguliwa mwaka 1996. Halina mfumo wa kawaida wa viyoyozi, na husemwa kwamba hupozwa kwa njia ileile ambayo mchwa hupoza kichuguu chao. Sehemu ya kwanza ya maelezo hayo ni kweli. Sehemu ya pili ilikwisha kutiliwa shaka nzito na watafiti wa mchwa, lakini inaendelea kunukuliwa kana kwamba hakuna lililotokea. Swali la kihistoria linalozuka ni hili: ikiwa mwalimu alieleweka vibaya, mwanafunzi alijifunza nini?

Asili ya wazo lenyewe ni kazi ya Martin Lüscher, mtaalamu wa wadudu kutoka Uswisi, aliyechunguza vichuguu vya mchwa wa jenasi ya Macrotermes nchini Kodivaa. Mchwa hao hulima kuvu ndani ya kiota, na kuvu pamoja na mchwa wenyewe hutoa joto jingi. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1955, na nyingine iliyosomwa zaidi ya mwaka 1961, Lüscher alieleza kwamba hewa yenye joto hupanda kutoka katikati ya kiota hadi juu, huingia katika vijia vyembamba vilivyo karibu na uso wa kichuguu, hupoteza joto na kabonidayoksaidi kupitia ukuta, kisha huwa nzito na kushuka hadi chini, tayari kuanza mzunguko upya.

Kichwa cha makala ya 1961 kinastahili kutazamwa kwa makini kuliko ilivyozoeleka, kwani kiliviita viota hivyo vyenye viyoyozi. Kwa maneno mengine, kabla msanifu majengo hajaazima chochote kwa mchwa, mwanabiolojia alikuwa amekwisha kuazima istilahi kwa wahandisi wa majengo. Kichuguu kilichomfikia Pearce katika miaka ya 1990 hakikuwa maumbile tupu. Kilikuwa kichuguu kilichokwisha kusomwa kama jengo. Wanahistoria wa usanifu wamelipuuza jambo hili, pengine kwa sababu hadithi ya mdudu anayemfundisha binadamu hupendeza zaidi inapokwenda upande mmoja tu.

Mazingira ya ujenzi wenyewe yalikuwa ya kiuchumi kabla ya kuwa ya kifalsafa. Mwenye mradi, kampuni ya bima ya Old Mutual, alitaka ofisi zenye hewa nzuri bila gharama ya mitambo ya kupoza, ambayo ilipaswa kuagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni na kutunzwa kwa vipuri vya kutoka nje. Suluhisho likawa majengo mawili ya ghorofa 9 yaliyosimama sambamba, yakitenganishwa na uwazi mrefu uliofunikwa kwa paa la kioo. Usiku, feni kubwa huvuta hewa baridi na kuipitisha katika nafasi zilizoachwa ndani ya sakafu za zege, kiasi cha kubadilisha hewa mara 10 kwa saa. Zege hupoa. Mchana feni ndogo hupunguza mwendo huo hadi mara 2 kwa saa. Hewa hupita juu ya zege lililopoa, huingia ofisini kupitia matundu yaliyo chini ya kuta, hupanda inapopata joto la watu na mashine, na hatimaye hutoka kupitia dohani 48 zilizopangwa juu ya paa. Kuta za nje zimewekewa vivuli vya zege ili jua lisizipige moja kwa moja, na madirisha ya upande wa kaskazini, unaoelekea jua katika nusu ya kusini ya dunia, yamewekewa mpaka wa asilimia 25 ya ukuta.

Ni dhahiri kwamba kinachofanya kazi hapa ni uzito wa zege na tofauti ya joto kati ya usiku na mchana. Harare iko katika nyanda za juu, takriban meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake hupoa vya kutosha. Mchoro huohuo ukihamishiwa Mombasa au Dar es Salaam, ambako usiku hubaki na joto na unyevu, zege lisingepata baridi ya kuhifadhi. Anayedhani kwamba siri ya Eastgate ni mchwa anaweza kuujenga popote penye vichuguu, na kosa hilo ni la gharama.

Ukanushaji wa nadharia ya Lüscher ulikuja taratibu. Judith Korb na Karl Eduard Linsenmair walionyesha, kutokana na utafiti wao Kodivaa, kwamba mchwa wa spishi moja hujenga vichuguu vyenye kuta nyembamba na matuta mengi kwenye savana, lakini vya mviringo na kuta nene msituni. J. Scott Turner, akitumia gesi ya kufuatilia mwendo wa hewa katika vichuguu vya Namibia, alibaini mwaka 2001 kwamba hewa haizunguki kwa mpango alioueleza Lüscher, bali husukumwa na kuvutwa na upepo unaobadilikabadilika nje. Aidha, joto la kiota hufuata joto la udongo unaokizunguka: hupanda majira ya joto na kushuka majira ya baridi. Kichuguu, basi, hakikujengwa kudhibiti joto. Kazi yake kubwa ni kubadilishana gesi, na kwa hiyo hulingana zaidi na pafu kuliko kiyoyozi. Utafiti wa Hunter King, Samuel Ocko na L. Mahadevan uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu mchwa wa India uliongeza kwamba, katika spishi waliyoichunguza, mwendo wa hewa huendeshwa na mabadiliko ya joto kati ya mchana na usiku. Vichuguu, kwa hakika, havina kanuni moja.

Mtu aweza kudai kwamba matokeo hayo ya mwisho yanamrudishia Pearce haki yake, kwa kuwa Eastgate nayo hutegemea zamu ya usiku na mchana. Dai hilo ni dhaifu. Pearce hakuwa na utafiti wa 2015 mkononi, na mlingano unaogunduliwa miaka 19 baada ya jengo kufunguliwa hauwezi kuitwa chanzo cha jengo. Hata hivyo, kumwita mdanganyifu ni kumwonea. Picha ya kichuguu ilimpa kitu ambacho hesabu peke yake zisingempa kwa urahisi: namna ya kuwaonyesha wateja na wahandisi kwamba jengo kubwa linaweza kupumua bila mtambo wa kupoza, kwa mfano ambao watu wa Zimbabwe wanaufahamu tangu utotoni. Maumbile yalitumika kama hoja zaidi kuliko kama kielelezo.

Tofauti hiyo inaonekana wazi zaidi kwenye madirisha. Mwaka 2008 Turner na Rupert Soar walipendekeza kwamba somo halisi la kichuguu ni ukuta wenye vinyweleo, unaoruhusu upepo usiotabirika kuingia na kufanya kazi ndani yake badala ya kuuzuia. Katika Eastgate madirisha yalifungwa kabisa, na miongoni mwa sababu zilizotolewa wakati wa usanifu, pamoja na kelele za jiji, ilikuwa ni kwamba mikandamizo ya upepo wa Harare haitabiriki.